Udongo wa Mbali, Mpunga wa Hapa: Mwandishi wa Riwaya Mbele ya Vitabu Vikuu

Miongoni mwa maswali yasiyokwisha katika madarasa yetu ya fasihi limo hili: mtu atakaye kuandika riwaya hujengwa au hubomolewa na vitabu vikuu vya watu waliomtangulia? Kwa vitabu vikuu twakusudia maandishi, na hata masimulizi ya mdomo, ambayo vizazi vingi vimeyarudia bila kuyachoka: Alfu Lela Ulela, tenzi za Waswahili wa kale, tamthilia za Wayunani na za Shakespeare, na mengineyo ya namna hiyo.

Wako wasemao kwamba asiyevisoma vitabu hivyo hawezi kuandika jambo la maana, kwa kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Wako pia wasemao kwamba vitabu hivyo, hasa vile vilivyoletwa na mkoloni, ni kasumba. Kwamba kijana akivizoea ataandika juu ya theluji asiyopata kuiona na kuusahau mto upitao nyuma ya nyumba yao. Kila upande una sehemu yake ya ukweli. Hata hivyo, pande zote mbili zimelitazama swali kana kwamba ni la kiasi, yaani kusoma sana au kusoma kidogo. Insha hii yashikilia kwamba swali ni la maadili. Kitabu kikuu humfaa mwandishi kinapompa kipimo cha kumpimia binadamu kwa haki, na humdhuru kinapompa macho ya kuazima ya kumtazamia jirani yake.

Ili hoja hii isielee hewani, hapana budi tuishushe mahali. Tuchague delta ya Rufiji, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji. Mto Rufiji huanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana, hupokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha huteremka hata kugawanyika katika mikono mingi inayoingia Bahari ya Hindi kuelekea Kisiwa cha Mafia. Hapo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 50,000, na ndani yake na kandokando yake wanaishi watu wavuvi, wakata boriti na wakulima wa mpunga.

Sasa, udongo unaootesha mpunga ule haukuzaliwa pale. Umechukuliwa na maji kutoka nyanda za juu, safari ya mamia ya kilomita. Lakini hakuna aendaye kumwambia mkulima wa delta, aliyekesha juu ya dungu akifukuza nguruwe, kwamba mpunga wake ni wa watu wa milimani. Tena mkulima huyo ajua jambo la pili: mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuua mbegu. Si kila maji yanayoingia shambani ni baraka. Mtu wa delta, basi, hana haja ya kufundishwa kwamba kitu chaweza kutoka mbali na bado kikawa chake, wala kwamba kipo kitu kingine kitokacho mbali kikaharibu.

Natuanze na madhara. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915 wakaipiga mizinga hata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa barani, ikatumika katika vita vya nchi kavu.

Mwaka 1968 Wilbur Smith alitoa riwaya iitwayo Shout at the Devil, iliyotokana na mkasa huo, na mwaka 1976 ikatengenezewa filamu. Riwaya hiyo ina ukoo wake. Ni mjukuu wa hadithi za ushujaa za H. Rider Haggard, ambaye kitabu chake cha mwaka 1885 kilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani na kusomwa katika shule zetu kwa miaka mingi. Katika ukoo huo Afrika ni uwanja ambao mgeni hupita ili ajaribu ujasiri wake. Mwenyeji yupo, lakini yupo kama mbeba mizigo, kiongozi wa njia, au adui. Msomaji akimaliza kitabu atajua mengi juu ya hofu na tamaa za wageni, lakini hataona sababu ya kuuliza ni mikono ya nani iliyokokota mizinga ile, wala mwanamke wa Salale alipikia watoto wake nini wakati manowari zilipokuwa zimeziba midomo ya mto.

Hatusemi kwamba mwandishi huyo aliwachukia watu wa Rufiji. Twasema jambo zito zaidi: alivisoma vizuri vitabu vya ukoo wake, navyo vikampa macho. Na kwa kuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani yalisomwa pia na wazazi wetu, hatari hiyo si ya wageni peke yao. Ni mara ngapi tumesikia Rufiji ikitajwa na Watanzania wenyewe kama nchi ya mamba na uchawi tu? Mwandishi wetu akiichukua Rufiji hiyo na kuitia katika riwaya, atakuwa amevaa nguo ya kuazima, na wahenga wamesema kwamba nguo ya kuazima haisitiri mwili.

Natutazame sasa upande wa manufaa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ametuachia mfano ulio wazi kuliko yote. Ndani ya Alfu Lela Ulela imo hadithi ya liwali wa Basra, Abdullah bin Fadhil, ambaye kila usiku huwapiga mijeledi mbwa wawili, nao kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa. Shaaban Robert aliichukua hadithi hiyo akaandika Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952. Mifupa ya hadithi ni ile ile: mjumbe wa mfalme aja kudai kodi, aona adhabu ya ajabu usiku, siri yafichuka mbele ya mfalme. Lakini tazameni alichobadili. Harun al-Rashid amekuwa Mfalme Rai wa Ughaibu. Mbwa wamekuwa manyani. Na ndugu wawili, ambao katika hadithi ya Kiarabu waitwa Nasir na Mansur, majina ya ushindi, amewaita Hasidi na Mwivu. Mwenyewe amemwita Adili.

Mtu aweza kusema kwamba kubadili majina ni kazi ndogo. Sivyo. Katika Alfu Lela Ulela msomaji huvutwa na maajabu. Katika Adili na Nduguze maajabu yapo, lakini yamewekwa chini ya mizani. Kila jina ni swali: wivu hufanya nini ndani ya nyumba moja, na mtu mwenye haki afanyeje anapolazimishwa kumwadhibu ndugu yake? Mwandishi alipokea udongo kutoka Baghdad na Basra, akapanda ndani yake maadili aliyolelewa nayo katika pwani ya Tanga.

Hata Kusadikika, iliyotangulia mwaka 1951, ina alama ya kitabu hicho hicho. Shahrazadi husimulia usiku baada ya usiku ili asiuawe. Karama, mshitakiwa wa Kusadikika, naye husimulia barazani habari za wajumbe waliotumwa na kuadhibiwa, na maisha yake yanategemea masimulizi hayo. Ila Shahrazadi huiokoa nafsi yake na wanawake wenziwe kutoka katika hasira ya mfalme mmoja, naye Karama huishitaki serikali nzima isiyotaka kusikia mashauri. Huko ndiko kusoma kunakomfaa mwandishi: kuona katika kitabu cha kale mlango ambao waliotangulia hawakuupitia.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuwa mwandishi wa riwaya bali msomaji hodari, alituonyesha jambo kama hilo kwa neno moja. Mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Jina la asili lamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mtafsiri aliwaona wengi, tena akawapa jina ambalo Watanzania wa wakati ule, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, walilielewa mara moja. Mtu huyo huyo, katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikuwa amekwisha kueleza kwamba kuutafuta utamaduni wetu si kukataa kujifunza kwa mataifa mengine. Mambo hayo mawili hayapingani.

Ama Rufiji yenyewe imepata kazi kubwa ya fasihi iliyotokana na historia yake, ijapokuwa ni tamthilia na si riwaya. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, na kutoka hapo habari za maji zikaenea mpaka Matumbi na mbali zaidi. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Mohoro, wakati vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alikuwa na mali mbili mkononi. Mali ya kwanza ilikuwa masimulizi ya wazee, ambayo yalikuwa yakikusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa vijijini. Mali ya pili ilikuwa elimu ya tamthilia za dunia. Mtu aliyesoma tanzia za Wayunani ataitambua mara moja hali ya Kinjeketile: mtu aliyetoa neno, neno likamshinda nguvu, na sasa hawezi kulirudisha bila kuliangamiza jambo jema lililozaliwa nalo. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye akataa, kwa sababu ajua kwamba adui atalitumia ungamo hilo kuwaambia watoto wa kesho kuwa baba zao walipigania upuuzi.

Laiti Hussein angekuwa na masimulizi peke yake, labda tungepata habari ya mganga na vita. Laiti angekuwa na Wayunani peke yao, tungepata mfalme wa Thebe aliyevikwa kaniki. Alichotupa ni mtu wa Rufiji aliyepewa uzito ule ule ambao Sophocles alimpa Oedipus. Uzito huo ndio urithi halisi wa vitabu vikuu.

Iko namna nyingine ya kurithi, nayo ni kurithi kwa kujibu. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika mwaka 1994 riwaya iliyofasiriwa baadaye kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Kijana Yusufu anatolewa rehani kwa ajili ya deni la baba yake, anafuata msafara wa biashara mpaka bara, na uzuri wake unamletea majaribu katika nyumba ya tajiri. Kila aliyesoma chuoni atamwona Nabii Yusufu nyuma yake. Na kila aliyemsoma Joseph Conrad ataona kwamba ile safari ya kuingia ndani ya Afrika, ambayo Conrad aliisimulia kutoka kwenye sitaha ya meli ya mgeni, hapa yasimuliwa kutoka katikati ya msafara wenyewe, miongoni mwa wapagazi na wafanyabiashara wa pwani. Gurnah hakukitupa kitabu cha Conrad. Alikisoma hata akajua ni nani aliyeachwa nje, kisha akamfungulia mlango.

Hapa pana pingamizi ambalo mwalimu yeyote wa Kibiti aweza kulitoa. Ataniuliza: wawapo wanafunzi wengi na vitabu vichache, mnawaambia watoto wetu wawasome Sophocles na Conrad kwanza ndipo waandike? Je, si kuwaambia kwamba hawataandika kamwe?

Jibu ni kwamba vitabu vikuu havikai katika maktaba za ng'ambo peke yake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir iko katika lugha yetu, nayo yaonyesha jinsi majumba ya matajiri wa Pate yalivyobaki magofu. Sasa tuikumbuke Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha operesheni ya kuwahamisha wakulima waliokaa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya juu. Nia ilikuwa kuwaokoa watu na maji na kuwapelekea shule na zahanati. Hata hivyo, nyuma yao yalibaki mahame, miembe na makaburi. Mwandishi aliyeisoma Al-Inkishafi kwa makini hataenda bondeni kuandika juu ya popo na vumbi kwa kuwa mshairi wa Pate aliandika juu ya mambo hayo. Atasimama penye hame na kuuliza kama mshairi yule alivyouliza: wako wapi waliokaa hapa, na walidhani nini juu ya kesho yao? Kitabu kimempa swali. Majibu yamo vinywani mwa wazee wa Rufiji, ambao nao ni maktaba.

Katika miaka yetu ya karibuni delta imeingia katika riwaya ya Kiswahili kwa njia ya haki zaidi. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta; wanavijiji wengi waliupinga, wakaenda hata mahakamani, na mwishowe mradi haukutekelezwa. Profesa Chachage Seithy Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2006, aliugusa mgogoro huo katika Makuadi wa Soko Huria, riwaya aliyoitoa mwaka 2002. Jina lake ni la ukali, na kitabu ni cha mashitaka. Njia ya kuifanya hadithi iwe baraza la hukumu ilikwisha kufunguliwa na Kusadikika nusu karne nyuma. Lakini sasa nchi ya kubuniwa imeondoka, na mahali pake umekuja mto unaojulikana na watu wanaojulikana.

Lipo jambo moja zaidi, zito kuliko yote, ambalo litahitaji mwandishi mwenye malezi mema ya usomaji. Kati ya mwaka 2016 na 2017 Kibiti, pamoja na sehemu za Rufiji na Mkuranga, zilipatwa na msiba wa mauaji. Viongozi wa vijiji waliuawa majumbani na njiani. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku, na jirani akaanza kumwogopa jirani. Iko siku kijana wa huko ataandika riwaya juu ya miaka hiyo. Akiwa hakusoma ila hadithi za upelelezi na bunduki, ataandika bunduki.

Lakini na akutane kwanza na Aeschylus. Mtu huyo alikuwa askari. Alipigana na Waajemi vitani Marathon. Mwaka 472 kabla ya Kristo, miaka minane tu baada ya Wayunani kuwashinda Waajemi katika vita vya baharini vya Salamis, aliwaonyesha watu wa Athene tamthilia ambayo yote yatokea katika nchi ya adui. Ndani yake mama wa mfalme wa Waajemi anangoja habari, na wazee wanalia kwa kutajiwa majina ya waliokufa. Aeschylus hakusema kwamba Waajemi walikuwa na haki ya kuivamia nchi yake. Alisema tu kwamba kilio cha mama hakina upande. Mwandishi wa Kibiti atakayelifahamu hilo ataweza kuingia katika nyumba ya mjane wa askari, na katika nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, na hata katika nyumba ya mama ambaye mwanawe alipotea njia akashika silaha, bila kuuhalalisha uovu wala kumsahau aliyeuawa. Hapo ndipo riwaya huifanyia jamii kazi ambayo taarifa ya habari haiwezi kuifanya.

Kwa walimu, basi, ushauri wetu ni mwepesi kuusema ingawa ni mgumu kuutenda. Tusiwafundishe vijana vitabu vikuu kama misahafu ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, wala tusiwafiche kwa kuogopa kasumba. Kila kitabu tukisome nao kwa maswali matatu: Ni nani humu aliyepewa moyo na akili timamu, na ni nani aliyefanywa kivuli? Mwandishi alipokea nini kwa waliomtangulia, na alibadili nini? Kama hadithi hii ingetokea Nyamisati, au Mchungu, au Mbwera, ni nani angesimama kuisimulia? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo aweza kusoma hata Mashimo ya Mfalme Sulemani bila kudhurika, kwa kuwa atawaona wabeba mizigo wale na kutaka kujua majina yao.

Na kwa wanafunzi twasema: someni kwa bidii, kisha mwende mkakae chini ya dungu na kuwasikiliza wazee wenu kwa bidii ile ile. Ukiandika, mtafute mtu mmoja wa kijiji chako ambaye hakuna kitabu kilichopata kumtazama, na umpe uzito ambao wakubwa wa dunia waliwapa wafalme wao. Mtu huyo yuko, na habari zake hazijaandikwa.